Dirisha la Mama

Kitengela,
19 Agosti 2001

Dada yangu Mwongeli,

Nakusalimu wewe na watoto hapo Bisil. Roy anaendeleaje na shule? Sisi huku tuko, kula tunakula, lakini nyumba imekuwa kubwa sana tangu tumzike mama mwezi jana. Najua hutaki kunisikia. Soma tu hadi mwisho, halafu uichome ukitaka.

Unamkumbuka yule mzee Mhindi wa Athi River niliyemjengea ukuta? Alikuwa na kitabu cha picha za jumba la kwao, liko juu ya mlima, mahali panaitwa Amber. Aliniambia lilianzwa miaka mia nne iliyopita na mfalme Man Singh, jemadari wa Akbar, yule mtawala mkuu wa Wamughal, na warithi wake wakaendelea kuongeza vyumba. Historia mimi si sana. Kilichonimaliza ni madirisha: bamba la jiwe limetobolewa matundu kama kitambaa cha kufuma, malkia anaona nje, wa nje hawamwoni, na upepo unapita. Aii dada, fundi wa mawe akiona kitu kama hicho amekwisha.

Na mama alikuwa akilia kila siku kwamba mabati yanampika. Basi nikamjengea chumba. Lile jiwe la dirisha nililichonga miezi mitano, likanipasukia mara mbili. Januari akahamia. Mama alicheka! Alikaa nyuma ya yale matundu akichungulia majirani, akasema sasa yeye ni malkia, nimletee chai.

Halafu Julai ikaingia, na baridi ya huku unaijua. Mke wangu Kalunde aliniomba niweke kioo, au hata ubao. Nikamfokea kwamba la mfalme halikuwa na ubao. Kalunde alichukua blanketi lake la harusi akalipigilia misumari pale dirishani, na mama akapata joto.

Siku ya mazishi ulimwambia Kalunde mbele ya wazee wote kwamba alienda kwao Mashuuru kutembea, akamwacha mama afe kwa baridi. Kesho yake alifunga nguo zake akarudi kwao.

Mwongeli, Kalunde alienda kumwona babake mgonjwa, na alipoondoka blanketi lilikuwa dirishani. Mimi ndiye niliyelitoa. Kinyanjui, yule tajiri anayejenga huku juu, alikuwa amesema atapita kuona kazi yangu ili anipe ya kwake, nami niliona aibu akute blanketi. Mama aliniambia anasikia baridi. Nikamwambia avumilie kidogo, mgeni yuko njiani. Mgeni alifika siku ya tatu, akasifu sana. Mama alikuwa ameshaanza kukohoa, na nimonia haikumpa hata wiki.

Kalunde aliporudi alilikuta blanketi limekunjwa juu ya kabati, na misumari mfukoni mwa koti langu. Alijua kila kitu. Ulipokuwa ukimtukana nilikuwa nimesimama karibu naye. Aliniangalia mara moja tu, akingoja niseme.

Jumamosi naenda Mashuuru. Naomba twende pamoja, unikemee mbele ya watu wake jinsi ulivyomkemea yeye. Dirisha nilitaka kulivunja, nikashindwa. Nimelifunika kwa blanketi lile lile.

Wabusu watoto, uwaambie mjomba anawakumbuka.

Ni mimi ndugu yako,
Kisilu