Shavu Lililomponza Ruwa

Timbwani, Likoni,
Mombasa.
9 Juni 2024.

Mpendwa dada Vivian,

Shikamoo. Wajionaje huko Muscat? Ule mgongo umepoa, na matajiri wako wanakupa nafasi ya kupumzika? Sisi twashukuru Mungu, tu wazima, ingawa nakuandikia nikiwa na bendeji usoni.

Lile shavu langu la kushoto uliloliona limevimba kwenye picha za Krismasi liliendelea kukua hadi likalisukuma jicho. Majirani wakanong'ona kwamba mume wangu Ruwa ananipiga, na maneno yakawafikia kaka zetu, Tinga na Katana. Nilimwapia Tinga kwamba Ruwa hajanigusa hata kwa kofi. Akanijibu, "Kila anayepigwa husema hivyo hivyo."

Jumapili moja tumekaa tunakula, yeye na Katana wakaingia bila hodi. Tinga alimtandika Ruwa mdomoni kwa mpini wa jembe, meno yakaangukia kwenye wali. Alipoanguka wakamkanyaga kifua. Nikajitupa juu yake. Katana akanivuta nywele akifoka, "Toka! Sisi twakuokoa!" Kisha nikausikia mkono wa Ruwa ukivunjika. Dada, mlio ule bado uko masikioni mwangu. Damu iliruka hadi kwenye pazia.

Hospitalini, daktari aliyemfunga Ruwa plasta alinitazama sana, akaagiza nipigwe picha ya kichwa. Haukuwa uvimbe wa ngumi. Ndani ya mfupa wa shavu la kila mtu mna uwazi wa hewa. Wangu ulikuwa umetanuka kupita kiasi, ukausukuma mfupa nje.

Walinipasua kupitia ndani ya mdomo, wakafungua njia ya hewa kuelekea puani, wakaukata mfupa na kuurudisha kwa skrubu ndogo. Nilizinduka nikiumwa kama niliyepigwa kweli. Ruwa alininywesha uji kwa mkono wake mzima. Sasa pande mbili za uso wangu zimelingana.

Kabla sijaruhusiwa, Tinga alisikia majibu ya daktari, akaja wodini akapiga magoti. Ruwa akamzaba kofi lililowageuza vichwa wagonjwa wote.

"Hilo la meno," akasema. "La mkono, dadako ataamua."

Nilimpiga kaka yetu, Vivian, nikampiga hadi nesi akanishika. Hakujikinga. Ruwa ndiye aliyemwinua.

Katana amejificha Bofu. Akikupigia simu, mwambie akija kuomba msamaha aanzie kwa Ruwa, si kwangu.

Mama anakusalimu sana, na mwanangu Purity pia. Mungu akulinde ugenini, asikuache mikononi mwa mtu mwenye hasira.

Mdogo wako akupendaye,
Selpher