Baba, Jiwe la Mashine Yako Limerudi

Baba,

Nisamehe nimekawia kuandika. Najua ungecheka, useme, "Barua za Akinyi huanza na samahani na kuisha na orodha." Ulianza kusema hivyo nilipoolewa, nikaenda kukaa na Otieno kule Luanda Kotieno alikopata kazi ya feri. Kila nilipokuandikia nilikuwa nimechelewa, na kila barua ilitaka kitu: uzi, sabuni, mara kikombe cha mtoto ambaye hata hajazaliwa. Nawe ulituma, mzigo umefungwa kwa waya badala ya kamba, mpaka kondakta wa basi akaniuliza kama baba yangu ni fundi au mlinzi wa jela.

Safari hii nimechelewa kwa sababu sikujua juu ya bahasha niandike nini. Halafu mtoto anaota meno, halali, na mimi silali. Na kusema kweli, nilitaka kwanza jambo la mashine liishe, ndio nikueleze likiwa na kichwa na miguu.

Kwanza habari za nyumbani. Mama yuko, magoti yanamsumbua. Ziwa huwezi kulijua tena, gugu-maji limefunika mpaka kwenye gati, ukitazama utadhani ni shamba la mtu. Feri hukwama, Otieno hakai kule sana, huja huku siku asizotarajiwa, kwa hiyo nimepanga chumba hapa Nyamasaria karibu na barabara. Nimekuwa jirani ya banda lako.

Banda lako, Baba. Siku ya kwanza nilipofungua mlango baada ya mazishi, harufu ya grisi ikanipokea kama mtu. Nilirudi nje nikakaa kwenye ngazi.

Unakumbuka watu walivyokucheka ulipoanza kuijenga ile mashine ya kukatia gia? Mchana ulikuwa fundi kwenye karakana ya Singasinga mjini, Jumapili ukitoka kanisani unavua koti na kuingia kwa vyuma vyako. Ukachukua gurudumu la meno kwenye winchi iliyotupwa bandarini, na parafujo yake ya kulizungusha, na mota ya pampu iliyokufa. Majirani wakauliza unatengeneza nini. Ukasema, "Natengeneza kitu cha kutengenezea vitu." Wakaondoka wakitikisa kichwa. Mama akasema afadhali chuma kuliko pombe.

Gia yako ya kwanza ulikata ya mti, ya pili ya shaba, na zote mbili ukazipasua kwa nyundo kwa sababu jino la mwisho lilikuwa jembamba kuliko ndugu zake. Ulinionyesha. Nilikuwa mdogo, bado nina sare ya shule. Ulishika ule mkono wa kuzungushia parafujo ukautikisa huku na huku, na gurudumu, lenye gia kwenye mhimili wake, halikusogea. "Unaona, Mama? Mkono unakwenda lakini gurudumu halina habari. Hapa katikati chuma kinacheza. Kikicheza hapa unywele mmoja, kule kwenye jino kinaiba unywele mmoja, na wizi wote unakusanyika kwa jino la mwisho." Uliniita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Hakuna tena anayeniita hivyo isipokuwa huyu mdogo, naye hulia kwanza.

Ulinifundisha yote. Zungusha kwa upande mmoja tu. Ukipitiliza, usirudi nusu nusu, rudi nyuma sana halafu uje tena kutoka upande uleule. Kisha funga breki, zile mbao mbili zilizovishwa ngozi, mpaka gurudumu lishikwe kooni. Ndipo ukate. "Umefunga?" Ulikuwa ukiuliza hata ukiwa umenipa mgongo. Hata nilipokuwa nafunga kamba za viatu. Siku ya harusi yangu, nimeketi na shela, ulinijia sikioni, nikadhani unanibariki. "Umefunga?" Nikacheka mbele ya mchungaji.

Na lile jiwe. Jiwe la nanga uliloletewa kutoka ufukweni, lenye mfereji kiunoni ili kamba isiteleze. Kamba ilizungushwa kwenye mhimili wa gurudumu na jiwe likaning'inia chini ya meza. Kadiri gia ilivyokatwa, jiwe lilipanda. Kazi yangu ilikuwa kulitazama. "Baba, limefika gotini." Nawe unajibu, "Basi mwambie mama yako atie majani." Chai ilikuwa tayari jino la mwisho likikatika. Miaka yote hiyo nilijua jiwe lile ni saa yako.

Sasa sikia yaliyotokea.

Matanga yako yalijaa watu kuliko tulivyofikiri. Walitoka Kombewa, walitoka mjini, hata yule Singasinga alikuja na watoto wake wakakaa kwenye viti vya mbele. Sufuria zilizokodishwa zilikuwa kubwa, mafiga hayakutosha, na wapishi wakaenda kutafuta mawe. Mmoja akaingia bandani, akakata kamba, akatoka na jiwe lako. Nilimwona. Nilijiambia, acha Baba awapikie wageni wake.

Watu walipoanza kurudi makwao, Baba Mdogo Ochieng alimkalisha Mama chini. Alikuwa amempata mnunuzi wa vyuma chakavu. Akasema mashine inakula nafasi, na wewe hukuacha mtoto wa kiume wa kuishika. Nikasema mimi nipo, nimeishika tangu nikiwa na sare. Unamjua ndugu yako. Akacheka kwa ukarimu kabisa. "Akinyi, wewe uliolewa. Hata mashine inajua wewe si wa hapa." Mama hakuegemea upande wowote. Akasema tu, "Akate gia moja. Ikifanya kazi, tutaongea. Isipofanya, lori lije."

Kazi ilikuwepo, tena ya mtu unayemjua. Mama Risper, yule wa mashine ya kusaga karanga sokoni Kombewa. Gia yake ilikuwa imeng'oka meno upande mmoja, na aliileta kwenye karatasi ya gazeti akisema, "Tazama, imekuwa mdomo wa dani, bibi kizee." Nikakukumbuka ukisema gia si kama bibi zetu wa zamani na mila yao, haiwezi kung'olewa meno sita ya chini na bado itafune. Nikamwambia. Akacheka mpaka akapangusa macho, halafu akawa anapangusa kwa sababu nyingine.

Nikaikata, Baba. Mtoto mgongoni, dirisha wazi. Nilizungusha upande mmoja. Nilifunga kila mara. Jiwe halikuwepo, lakini nikasema sihitaji saa, nitahesabu kwa kichwa. Nilifuata kila neno lako, na jino la mwisho likatoka jembamba kama ukucha. Nikampelekea hivyo hivyo nikiomba Mungu. Ilipowashwa ililia kama nguruwe aliyeshikwa mguu, soko zima likageuka.

Baba Mdogo alisikia kabla sijafika nyumbani. Hakunitukana. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliniuma: "Usijilaumu, binti yangu. Mashine imekufa na mwenyewe. Hutokea." Watu wakaitikia. Ikawa ndiyo habari ya Nyamasaria, kwamba mashine ya marehemu inamlilia marehemu. Lori likaambiwa lije Jumamosi.

Nami nilikaribia kuamini. Nilichoka, Baba. Nilikuwa nafua nepi bandani kwa sababu kuna bomba, huku naiaga mashine. Sakafu ilikuwa na vumbi la chuma, sikutaka kuweka ndoo chini, nikaitundika kwenye ile kamba iliyokatwa. Ndoo imejaa nepi mbichi, nzito. Kisha nikashika mkono wa mashine, si kwa kazi, ni kama mtu anavyomshika mkono mgonjwa. Nikautikisa huku na huku ulivyonionyesha.

Haukucheza.

Nikaitoa ndoo. Ukacheza. Nikairudisha. Kimya.

Nilikaa chini kwenye lile vumbi nikacheka peke yangu, mtoto akanishangaa. Kumbe jiwe halikuwa saa! Lilikuwa linavuta gurudumu upande mmoja, kutwa nzima, meno yaegemee meno, pasibaki nafasi ya kuchezea. Bila jiwe, kila nilipofungua breki gurudumu lilijiendea kidogo, mara mbele mara nyuma, halafu mimi nikaja na kulifunga kwa bidii mahali lilipopotelea. Breki yako haina kosa. Inashika kitu pale inapokikuta. Na wewe hukuniambia, labda kwa sababu ulinisikia nikiimba "limefika gotini", ukaona niachwe na saa yangu.

Nilikimbia kwa Mama nikitaka jiwe. Akasimama mbele ya mafiga. Moto wako ulikuwa bado haujaondolewa, binti zako wengine walioko Mombasa hawajafika kunyolewa nywele za msiba, na mawe ya moto wa matanga hayaguswi kabla. Nikamwambia lori linakuja Jumamosi. Akasema, "Na baba yako je, nikiuvunja moto wake, anakwenda wapi?" Sikubishana. Ungekuwa wewe usingebishana. Nikamwomba Mama kitu kimoja tu, amshike mtoto mpaka niite.

Nikaijaza mchanga ile ndoo ya nepi, nikaitundika, nikaanza gia nyingine. Nikaivuta parafujo karibu na gurudumu kwa bolti ya pembeni inayoisogeza, nikairudisha nyuma kidogo ilipoanza kugoma. Upande mmoja. Funga. Kata. Fungua. Ndoo ikapanda, ikafika gotini, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nikasema tu kwa sauti, "Baba, limefika gotini."

Nikasikia Mama huko nje akigongagonga kopo la majani ya chai.

Gia hiyo ya pili ya Mama Risper inasaga hadi leo. Siku alipoijaribu alizima redio ya jirani ili asikilize, akasikia karanga tu. Akaninunulia soda, na kwa Mama akatuma karanga zilizosagwa kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo. Baba Mdogo alikuja Ijumaa akatikisa ule mkono mwenyewe, mara nyingi, kama anayetafuta pesa mfukoni mwa koti la zamani. "Ndoo ya nepi!" akasema. "Ndugu yangu alizaa kichwa chake." Lori halikuja. Lakini Mama alikuwa bado hajasema neno, na neno lilikuwa lake.

Alilisema hivi. Dada zangu walipofika na moto ukaondolewa, nilikuwa bandani asubuhi nikamwona anakuja, magoti yale yale, jiwe lako kichwani juu ya kata ya leso. Upande mmoja limekuwa jeusi. Nikataka kumpokea, akakataa. Akainama mwenyewe, akaliweka chini ya meza, akasema, "Hili si la jikoni." Akarudi kwa kuku wake.

Sijalisugua. Weusi ule ni wa chakula cha wageni wako, nimeuacha.

Nakuahidi, Baba, mashine haitatoka hapa nikiwa na mikono. Na huyu mdogo akijua kutazama, nitampa kazi ya jiwe. Nitamwacha aamini ni saa. Pumzika vizuri, sisi tunakula, tunafunga mlango, tunakutaja.

Sasa orodha, maana bila orodha hutajua ni mimi. Naomba spana kubwa ya breki, sijui uliiweka wapi, natumia koleo na nati inaanza kuwa mviringo. Ukimjia Mama ndotoni mwambie iko wapi. Naomba unieleze ulichanganya nini kwenye grisi ili isiteremke wakati wa joto, yangu inadondoka. Ngozi nyingine ya breki, ya kushoto imeliwa. Usingizi kidogo. Na ile sauti yako ya kuuliza ukiwa umenipa mgongo, hata mara moja tu, nikiwa nimeshika mkono wa mashine.

Spana ndiyo ya haraka.

Ni mimi Mama yako,
Akinyi