Mtoto wa Sungura Chini ya Majani Chai

Mama yangu,

Jioni hii nimeketi Boito, ukingoni mwa shamba la chai la kogo, mama yako, palepale tulipoketi mimi na wewe nikiwa na miaka tisa. Umelala hatua chache tu kutoka hapa. Kogo alikataa uzikwe kwingine.

Unakumbuka? Ilikuwa Jumamosi, siku yako ya kuja kutoka Kericho. Kogo alikuwa ameita watu wa kupogoa chai, wakamfichua mtoto wa sungura chini ya shina, peke yake, ametulia tuli. Nilimwonea huruma, nikamficha kwenye kikapu cha kuchumia. Ulipofika hukunigombeza. Ulisema tu, "Mrudishe pale umemtoa. Mama yake hajamtupa. Anakaa mbali mchana ndio mbwa zisifuate harufu yake mpaka kwa mtoto."

Sikukuamini, mjuaji mimi. Tukamrudisha, tukangoja hadi giza likaanza kuingia, na kweli mama yake akaja mbio, akamnyonyesha kidogo, akaenda zake. Mwezi ukachomoza juu ya mikaratusi, nawe ukanionyesha sungura mwingine ndani ya mwezi, masikio yamelala nyuma. Ulisema huyo hakuna mbwa wa kumfikia, nikacheka. Asubuhi niliamka ukiwa umeshaondoka, kama kawaida.

Hiyo "kama kawaida" ndiyo iliyoniuma miaka yote. Krismasi iliyopita nikakutolea yote: nikasema ulinitupa kwa kogo kama paka. Ulikunja leso yako, ukaikunjua, ukaikunja tena. Hukujibu. Nami kwa kiburi changu sikukupigia simu, hadi nilipopigiwa mimi.

Baada ya mazishi kogo aliniambia. Baba alipolewa alikuwa akipiga yeyote aliye karibu, na mahali pekee ambapo hangethubutu kuinua mkono ni kwa mama mkwe wake. Ukaniacha huku, ukarudi kule peke yako, ili asiwe na sababu ya kunifuata.

Nisamehe, mama. Moyo unaniuma hadi nashindwa kula. Nilidhani ulinyamaza kwa kukosa la kusema. Kumbe ulikuwa umeshanijibu nikiwa na miaka tisa.

Mwezi umechomoza, sungura wako yumo. Huku chini giza limeingia na sioni mtu akija. Pumzika, mama.

Ni mimi mwanao,
niko palepale uliponiacha.