Dhoruba Ambayo Mwende Aliitaka

Matiliku, Jumanne 13 Machi 1984

Lakini ningemjibu nini yule msichana?

Nilikuwa nafundisha Form Two dhoruba za baharini. Nikasema, kwa maringo yangu, dhoruba ni kama sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yetu, ikichemka: moto wake ni joto la maji ya bahari. Ukiyapoza yale maji, umetoa kuni, na nguvu zake zinaisha. Wataalamu bado wanatafuta njia ya kuipunguza hivyo.

Mwende akasimama. Ng'ombe wao wa mwisho alikufa Jumapili kwa huu ukame.

"Mwalimu, mbona waipunguze? Si waitume huku kwetu?"

"Itabomoa nyumba zenu."

"Nyumba tutajenga."

Hakuna aliyecheka. Nikafuta ubao.

Sikuwaambia kwamba dhoruba ikiingia nchi kavu hufa yenyewe, kwa kukosa maji.