Mombasa au Unguja

Ndagoni, Mafia
Mfunguo Mosi

Kwa dada yangu mpenzi Swabaha,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Naomba waraka huu ukukute mzima, goti limepoa, na shemeji naye hajambo. Sisi huku tumefunga Ramadhani salama na Idi tumeila vizuri, alhamdulillahi. Nimeandika kwa mkono kwa kuwa simu yako hupokelewa na wajukuu, nao huweka spika. Haya nataka uyasome peke yako.

Wanangu wameamua nikatembee. Tangu baba yao Mfaume atangulie mbele ya haki, sijatoka kisiwani ila kwa mazishi, na sasa Warda naye kaolewa, nyumbani nimebaki mimi na kuku. Siku ya Idi wakaniambia nichague, Mombasa au Unguja. Dada, vita vikaanza hapo!

Ally alitaka Mombasa. Akanionyesha kwenye simu Ngome ya Yesu na mitaa ya Mji wa Kale, akasema mtu wa pwani asiyeiona bandari ile hajatembea. Warda akasema Unguja, nikaone milango ya Mji Mkongwe, ninywe urojo, nile mishikaki Forodhani, wala hakuna mpaka wa kuvuka. Ally akamjibu kwamba ngome hata Unguja ipo, lakini ya Mombasa ndiyo ngome. Warda akauliza kama mama anapelekwa kupumzika au kuhesabu mizinga. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alikaa mpaka biriani ikaisha, akaunga mkono Unguja kwa sababu ya kanga za Darajani.

Mimi kila nikiulizwa nasema bado nafikiri. Ikitajwa Mombasa uso unanipata joto, nakimbilia jikoni. Warda akadhani naogopa safari ndefu ya basi.

Sikuogopa basi, dada. Kuna mtu anaitwa Swalehe, fundi wa mashine za boti, mgane wa Kilwa. Alikuja huku na wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi ufukweni msimu wa samaki; wenzake wakarudi kwao msimu ulipokwisha, yeye akabaki. Alikuwa akinunua mihogo yangu karibu kila siku, nami nikishangaa mtu mmoja anaila vipi yote. Kumbe anawagawia wavuvi wa hapa ufukweni; alichokuwa akikitaka ni kukaa barazani kwangu tuzungumze. Mwezi wa Shaabani akaniambia, "Bi Munira, mihogo imenitosha. Nimekuja kuposa." Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Nilipomaliza kucheka nikakubali.

Ndugu aliyebaki naye ni dada yake mmoja, yuko Mombasa, ni mgonjwa hawezi kusafiri, na anataka kuniona. Sasa ningeitajaje Mombasa bila kuyataja mengine yote?

Nikawaita wanangu kabla hawajatawanyika, nikawaambia. Warda alipiga kigelegele, kikamkatikia njiani, akamtazama kaka yake. Ally aliinuka. Alivaa kandambili akatoka. Dada, yule ndiye aliyemwosha baba yake kwa mikono yake. Nilikaa pale roho mkononi, nikajiambia kwamba akirudi amekataa, basi Swalehe nitamwomba radhi na yaishe.

Baada ya magharibi nikasikia hodi. Wamesimama wawili mlangoni, Ally na Swalehe, wamejaa grisi hadi viwikoni. Ally alieleza kwamba alikwenda ufukweni kugomba, akamkuta mwenzake amejipinda ndani ya boti anahangaika na mashine, na kabla hajafungua kinywa akapewa spana ashike. Mashine ilipowaka, akasema, maneno aliyokwenda nayo hakuyaona tena. Alimuuliza Swalehe jambo moja tu, kama atanitunza. Swalehe hakuapa. Alimwambia, "Njoo utazame mwenyewe, siku yoyote, bila hodi."

Kisha mwanangu akanigeukia. "Mama, mimi nimebadilisha mawazo. Nendeni Unguja. Ni karibu, akikuudhi nakufuata siku hiyohiyo."

Warda akaruka, akasema haiwezekani, wifi yake mama anangoja, ni Mombasa tu! Wakaanza upya, kila mmoja akiutetea mji wa mwenzake. Swalehe akanitazama, nami kwa mara ya kwanza nikasema kwa sauti, "Mombasa." Hapo kigelegele cha Warda kikatoka chote.

Kaka yetu Sudi ataniozesha Ijumaa ijayo, inshallah. Najua goti halikuruhusu kuvuka bahari, kwa hiyo sisi tutakuja. Njia ya Mombasa inapita hapo Tanga, na tutalala kwako usiku mmoja. Nisalimie shemeji, wanao na majirani wote. Uniombee dua, dada yangu.

Na usihangaike kututandikia vitanda viwili.

Mdogo wako akupendaye,
Munira