Kumbe Ni Vumbi la Karasha

Jumanne usiku, Nyangoto

Kumbe masikio yangu ni mazima. Wiki nzima nimepandisha sauti ya simu hadi mwisho, na bado kwenye hedifoni dada yangu Bhoke alisikika kama yuko ndani ya debe. Niliogopa. Baba alisaga mawe ya dhahabu kwenye karasha hilihili ninalofanyia kazi, na siku hizi hasikii shikamoo mpaka upige kelele.

Leo Mwita, ninayefanya naye kazi, amezitazama hedifoni zangu akacheka. "Umezilisha vumbi, wewe." Akasugua vitundu vyake kwa mswaki mkavu, basi.

Nimesikiliza tena ujumbe wa Bhoke kutoka Migori. Nimesikia mpaka ng'ombe wakilia nyuma yake.

Kesho kazini naziba masikio kwa pamba. Baba naye alianza kwa kulaumu redio.