Mlango wa nyuma wa gari la kaka

Shoga, ndiyo kwanza tumerudi kutoka kumzika baba.

Unajua kaka alikataa jeneza libebwe na pikapu ya baba mwenyewe. "Mkweche ule utatuaibisha njiani." Akaleta gari lake jipya, lile linalofunguliwa kwa simu.

Tumefika makaburini, mlango wa nyuma umegoma. Umegoma kabisa! Simu inasema hakuna mtandao. Baba yumo ndani, watu wametukodolea macho, kaka anabonyeza tu, jasho linamtoka.

Wamevunja kioo, shoga. Kioo! Ndipo wakamtoa.

Mama wala hakulia. Alipangusa vigae vya kioo juu ya jeneza kwa mtandio wake, akamwambia kaka, "Mlango wa pikapu yake ulifungwa kwa kamba. Ningemfungulia mwenyewe."